Vipeuo kwenye milinganyo na kutolingana: jibu la uongo linatoka wapi, na jibu la kweli linapoteaje?

#1 MaalimWaLangoni (Lamu)

Assalaam aleikum wadau, hamjambo nyote.

Nafundisha hesabu jioni hapa Langoni: watoto wa kidato cha tatu na cha nne, na wachache waliomaliza shule wanaojiandaa kwa diploma au chuo kikuu. Kuna sehemu moja ya aljebra ambayo kila kundi linakuja likiwa limeikariri bila kujua sababu yake. Nayo ni mlinganyo wenye x ndani ya kipeuo cha pili, yaani chini ya alama √. Wote wanakumbuka kwamba "mwisho lazima uhakiki jibu". Ukiwauliza kwa nini, kimya. Na kwa kuwa hawajui kwa nini, wakifika kwenye kutolingana, pale penye < au > badala ya =, wanakwama kabisa, maana huko majibu hayana idadi na huwezi kuyahakiki moja moja.

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Mwenye swali aulize, mwenye njia nzuri zaidi ailete.

Nitachukua mfano mmoja na tutauchimba mpaka chini:

√(x + 3) = x − 3

Kila mtu anaanza kwa kupiga mraba, yaani kuzidisha kila upande kwa wenyewe:

x + 3 = x² − 6x + 9
x² − 7x + 6 = 0
(x − 1)(x − 6) = 0

Basi x = 1 au x = 6. Tujaribu 6: kushoto √9 = 3, kulia 6 − 3 = 3. Sawa. Tujaribu 1: kushoto √4 = 2, kulia 1 − 3 = −2. Haikubali. Mwanafunzi anaifuta 1 na kuendelea na swali linalofuata.

Mimi nataka tusimame hapo hapo kwenye 1. Ukipitia hesabu mstari kwa mstari, huoni kosa popote. Sasa hii 1 imetoka wapi?

Ukijua a = b, una hakika kwamba a² = b². Lakini ukijua a² = b², huna hakika kwamba a = b, kwa sababu huenda ikawa a = −b. 2 na −2 ni namba mbili tofauti, ila mraba wa kila moja ni 4. Kwa hivyo hatua ya kupiga mraba inakwenda mbele bila shida, lakini hairudi nyuma yenyewe.

Na ile 1 si takataka. Ni jibu halali kabisa la mlinganyo mwingine:

−√(x + 3) = x − 3

Upigeni mraba huu muone, mtapata x² − 7x + 6 = 0 ile ile. Mraba umefuta alama ya kutoa, milinganyo miwili ikageuka mmoja, na majibu ya yote miwili yakaja pamoja.

Tukishajua hilo, tunaweza kuufunga mlango kabla mgeni hajaingia. Kipeuo cha pili hakiwezi kuwa hasi. Upande wa kushoto ni kipeuo, basi upande wa kulia nao lazima uwe sifuri au zaidi: x − 3 ≥ 0, yaani x ≥ 3. Andika hilo pembeni kabla hujapiga mraba. Ukifika kwenye 1 na 6, unaona mara moja kwamba 1 iko chini ya 3.

Kwa ujumla, kama f na g ni semi zenye x:

√f = g ni sawasawa kabisa na haya mawili kwa pamoja: g ≥ 0, na f = g².

Hapo tumepata njia ya kwenda na kurudi. Shikeni hiyo, kwa sababu kutolingana kote kutajengwa juu yake.

#2 BintiMalindi

Waaleikum salaam Maalim. Nina swali ambalo limenisumbua tangu kidato cha pili. Tulifundishwa kwamba kipeuo cha pili cha 4 ni +2 au −2. Kama √4 inaweza kuwa −2, basi x = 1 inakubali: −2 = −2. Kwa nini tunaikataa?

#3 MaalimWaLangoni (Lamu)

Swali zuri sana binti yangu, na wengi wanalo ila hawalitoi.

Kuna mambo mawili hapa yanayochanganywa. La kwanza: ni namba zipi ukizipiga mraba unapata 4? Ni mbili, 2 na −2. Kwa hivyo mlinganyo x² = 4 una majibu mawili. La pili: alama √4 inasimamia namba gani? Inasimamia moja tu, ile isiyo hasi, yaani 2. Ndiyo maana tunapotatua x² = 4 tunalazimika kuandika x = ±√4. Kama √4 yenyewe ingekuwa na maana zote mbili, ile ± mbele yake tungeiweka ya nini?

Kanuni ya kwadratiki mnayoijua nyote, ile yenye −b ± √(b² − 4ac), imejengwa hivyo hivyo. Alama mbili zimewekwa nje kwa sababu kipeuo chenyewe kinatoa namba moja.

Matokeo yake ni kwamba √(x²) si x kila wakati. Ukiweka x = −5 unapata √25 = 5. Jibu sahihi ni thamani ya x bila alama yake ya kutoa, tunayoiandika |x|.

#4 Kidato3_Mokowe

Maalim naomba msaada. Swali liko hivi: √2x+3 − √x+1 = 1. Nimepata x = 3 na nimehakiki inakubali, lakini nyuma ya kitabu wameandika majibu mawili.

#5 MaalimWaLangoni (Lamu)

Mwanangu, kwanza weka mabano. Hapa kwenye simu √2x+3 inaweza kusomwa √2·x + 3, au √(2x) + 3, au √(2x + 3). Daftarini ule mstari mrefu wa juu ndio unaoonyesha kipeuo kinaishia wapi. Alama √ ilipochapishwa mara ya kwanza, mwaka 1525, na Christoff Rudolff wa Ujerumani, haikuwa na mstari huo. Ni René Descartes aliyeiunganisha na mstari wa juu mwaka 1637. Kwa kuwa sisi hapa mstari hatuna, mabano ndiyo kinga yetu.

Nadhani ulimaanisha √(2x + 3) − √(x + 1) = 1. Tuletee hatua zako zote, tuone jibu la pili limedondokea wapi.

#6 Kidato3_Mokowe

Ndiyo Maalim, ndio huo. Nilifanya hivi:

√(2x + 3) = 1 + √(x + 1)
2x + 3 = 1 + 2√(x + 1) + x + 1
x + 1 = 2√(x + 1)

Halafu nikagawanya pande zote kwa √(x + 1), kwa sababu x + 1 ni √(x + 1) mara √(x + 1):

√(x + 1) = 2
x + 1 = 4
x = 3

#7 MaalimWaLangoni (Lamu)

Mpaka mstari wa tatu umefanya kazi safi. Umehamisha kipeuo kimoja ng'ambo kabla ya kupiga mraba, na hukusahau ile 2√(x + 1) ya katikati, ambayo wengi huiacha. (Jamani, (1 + b)² si 1 + b². Ni 1 + 2b + b². Alama nyingi za mtihani hupotelea hapo.)

Jibu lako la pili limepotea kwenye kugawanya. Ukigawanya kwa √(x + 1) umedai kimyakimya kwamba √(x + 1) si sifuri. Je, kama ni sifuri? Badala ya kugawanya, leta kila kitu upande mmoja:

x + 1 − 2√(x + 1) = 0
√(x + 1) · (√(x + 1) − 2) = 0

Sasa ama √(x + 1) = 0, ambapo x = −1, au √(x + 1) = 2, ambapo x = 3. Hakiki −1: √(−2 + 3) − √0 = 1 − 0 = 1. Inakubali. Kitabu chako kiko sawa, majibu ni −1 na 3.

Naomba wote muone tofauti ya misiba hii miwili. Kupiga mraba kunaongeza majibu ya uongo, na hayo ukihakiki unayanasa. Kugawanya kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri kunapoteza majibu ya kweli, na huko kuhakiki hakukusaidii chochote, kwa sababu utahakiki yale uliyobaki nayo tu. Lililopotea halionekani. Mimi naona la pili ni baya kuliko la kwanza, na darasani nalisisitiza zaidi.

#8 Mama_wa_Watatu (Malindi)

Mwalimu, shukrani kwa elimu. Mimi ni mzazi, kijana wangu yuko kidato cha tatu. Kwenye vitabu vyake naona vipeuo ni vya kurahisisha na kuondoa kipeuo chini ya sehemu. Hii ya kutatua, na hizo < na >, mbona sioni? Nisije nikambebesha mtoto mzigo ambao mtihani hauuulizi.

#9 MaalimWaLangoni (Lamu)

Uko sahihi Bi Mkubwa, sehemu ya vipeuo ya kidato cha tatu ni hiyo hasa: kurahisisha, kujumlisha, kuondoa kipeuo kwenye asili ya sehemu. Lakini kidato hicho hicho kuna kubadilisha fomula, pale anapopewa kwa mfano T = 2π√(L/g), muda wa pendula yenye urefu L kubembea kwenda na kurudi (g hapa ni ya mvutano wa dunia, si ile g yetu ya juu), anaambiwa aifanye L isimame peke yake. Huo ni mlinganyo wenye kipeuo. Anagawanya kwa 2π, anapiga mraba, anapata L = gT²/(4π²). Hajambo, kwa sababu T ni muda na hauwezi kuwa hasi, kwa hivyo sharti letu kwamba upande usio na kipeuo uwe sifuri au zaidi limeshatimia lenyewe.

Kutolingana kwenye vipeuo ni kwa wanaoendelea mbele. Kijana wako akiwa na hamu, mwache asome. Akiwa amechoka, mwache amalize kwanza ya darasani.

#10 Mwanachuo_Shela

Maalim, mimi niko mwaka wa kwanza na ndipo hasa nilipo. Tuingie kwenye kutolingana basi. Naomba utumie mfano ule ule ili tulinganishe.

#11 MaalimWaLangoni (Lamu)

Haya. Tunao wawili, na hawafanani hata kidogo ingawa tofauti yao ni alama moja.

Wa kwanza: √(x + 3) < x − 3

Kushoto hakuko chini ya sifuri. Kitu cha kulia ni kikubwa kuliko kushoto, basi kulia ni zaidi ya sifuri moja kwa moja. Pande zote zikiwa haziko chini ya sifuri, kupiga mraba hakuharibu mpangilio: namba kubwa inabaki kubwa. Masharti ni matatu na yote lazima yatimie pamoja:

x + 3 ≥ 0, ndipo kipeuo kiwepo: x ≥ −3
x − 3 > 0: x > 3
x + 3 < (x − 3)², yaani x² − 7x + 6 > 0: x < 1 au x > 6

Yaweke kwenye mstari wa namba. Sehemu yanapokutana yote matatu ni x > 6. Hilo ndilo jibu.

Angalieni kwamba hapa nimelazimika kuandika x + 3 ≥ 0, na kwenye mlinganyo sikuiandika. Kule f ilikuwa sawa na g², na mraba hauwi hasi, kwa hivyo f ilijilinda yenyewe. Hapa f iko chini ya g², na kitu kilicho chini ya namba chanya kinaweza kuteremka mpaka kwenye hasi. Lazima tukizuie. Katika mfano huu x > 3 imeshalizuia hilo, lakini kwenye swali lingine haitakuwa hivyo.

Wa pili: √(x + 3) > x − 3

Huyu ndiye mwenye mtego. Safari hii kulia ni kudogo, na kitu kidogo kinaweza kuwa chochote, hata hasi. Tunagawa hali mbili.

Hali ya kwanza, kulia ni hasi: x < 3. Kipeuo kisicho hasi ni kikubwa kuliko namba yoyote iliyo hasi, kwa hivyo hakuna cha kukokotoa. Kinachotakiwa ni kipeuo kiwepo tu, x ≥ −3. Tunapata kuanzia −3 mpaka kabla ya 3.

Hali ya pili, kulia si hasi: x ≥ 3. Hapa tuna ruhusa ya kupiga mraba: x + 3 > (x − 3)², yaani x² − 7x + 6 < 0, yaani 1 < x < 6. Pamoja na x ≥ 3, tunapata kuanzia 3 mpaka kabla ya 6.

Hali ya kwanza AU ya pili, kwa hivyo tunaziunganisha: −3 ≤ x < 6.

Anayepiga mraba bila kufikiri anaandika 1 < x < 6 na kuondoka. Amepoteza kila kitu kuanzia −3 mpaka 1. Mwambie ajaribu x = 0: √3 ni kama 1.73, kulia ni −3. Hivi 1.73 si kubwa kuliko −3?

#12 NahodhaMdogo

Assalaam aleikum. Mimi si mtu wa darasani, nimekulia baharini, babu na baba wote ni watu wa jahazi. Lakini nimesoma yote. Kuna hesabu moja niliyoipata kwa mtu wa meli: macho yako yakiwa mita h juu ya maji, upeo wa macho uko kilomita 3.57 mara kipeuo cha h. Na ukitaka kujua ncha ya mlingoti wa mwenzako utaiona kutoka mbali kiasi gani, unajumlisha yako na yake. Je, ni kweli? Na ina uhusiano na haya mnayoyasema?

#13 MaalimWaLangoni (Lamu)

Waaleikum salaam Nahodha, karibu sana. Ni kweli, na uhusiano upo mkubwa kuliko unavyodhani.

Hesabu hiyo inatoka kwenye umbo la dunia. Nusu kipenyo cha dunia ni kama kilomita 6,371. Ukichora pembetatu mraba kutoka kitovu cha dunia, kwenye jicho lako na kwenye upeo, Pythagoras anakupa umbali unaokaribia √(2 × 6371 × h), h ikiwa kwa kilomita. Ukitaka h kwa mita, ndani ya kipeuo kunabaki 12.742h, na kipeuo cha 12.742 ni kama 3.57. Kwa uhalisia unaona mbali zaidi kidogo, kwa sababu hewa inapinda mwanga, lakini tuiache hivyo.

Tuseme umekaa mahali ambapo macho yako yako mita 4 juu ya maji, na ncha ya mlingoti wa mwenzako iko mita H. Umbali wa mwisho wa kuonana:

D = 3.57(√4 + √H) = 3.57(2 + √H)

Swali la kwanza. Ncha ya mlingoti imechomoza pale pale kwenye upeo, na unajua jahazi liko kilomita 17.85 kutoka kwako. Mlingoti una urefu gani? 17.85 gawanya kwa 3.57 ni 5. Basi 2 + √H = 5, √H = 3, H = 9. Mita tisa. Kulia ni 3, si hasi, hatuna wasiwasi.

Swali la pili ndilo nililokuwa nalitafuta wiki nzima nisilipate. Jahazi liko kilomita 5. Ncha yake inapaswa kuwa juu kiasi gani ili uione? Tunataka

3.57(2 + √H) ≥ 5

5 gawanya kwa 3.57 ni kama 1.4. Kwa hivyo √H ≥ 1.4 − 2, yaani √H ≥ −0.6.

Mwanafunzi wa haraka anapiga mraba na kuandika H ≥ 0.36. Maana yake anadai kitu chenye kimo cha chini ya sentimita 36 hutakiona kwa umbali huo. Nahodha, wewe waambie: macho yakiwa mita 4 juu, upeo wako peke yako uko 3.57 × 2, kama kilomita 7.14. Jahazi la kilomita 5 liko ndani ya upeo wako. Hakuna mgongo wa bahari wa kulificha. Hata ubao unaoelea juu ya maji, dunia haiufichi. Jibu sahihi ni H ≥ 0, yaani kimo chochote.

Hiyo ni "hali ya kwanza" ya wa pili kule juu, neno kwa neno. Kulia ni hasi, kipeuo kinashinda bila kukokotoa, na kinachobaki ni kipeuo kiwepo tu.

#14 NahodhaMdogo

Sasa nimeelewa Maalim, na nathibitisha. Chombo kikiwa ndani ya upeo unaona mpaka maji kinavyoyakata. Kikiwa nje ya upeo ndipo unaona tanga kwanza, halafu foromali, ule mti unaobeba tanga, ikishuka unaweza kumpoteza kabisa. Allah akuzidishie elimu.

#15 BintiMalindi

Nimependa sana hii. Kutoka karibu na nguzo ya Vasco da Gama huwa naona mashua zikirudi asubuhi na kweli tanga ndilo linaanza. Sikuwahi kudhani ni kipeuo.

#16 Mwanachuo_Shela

Maalim, niruhusu nilete njia nyingine kwa √(x + 3) > x − 3, maana kugawa hali mbili kunanichosha kwenye mtihani.

Nachukua tofauti, h(x) = √(x + 3) − (x − 3). Inaanza kuwepo kwenye x = −3 na haikatiki popote baada ya hapo. Kitu kisichokatika hakiwezi kutoka chanya kwenda hasi bila kupita sifuri. Sifuri zake tumeshazipata: 6 tu, maana 1 ni ya uongo. Kwa hivyo nina vipande viwili tu, kati ya −3 na 6, na baada ya 6. Najaribu namba moja kila kipande.

x = 0: √3 + 3, chanya.
x = 13: √16 − 10 = −6, hasi.

Basi √(x + 3) > x − 3 kuanzia −3 mpaka kabla ya 6, na kinyume chake ni x > 6. Maswali mawili kwa pigo moja.

#17 MaalimWaLangoni (Lamu)

Maashallah. Njia hii ni nzuri na ningependa watu wote waijaribu. Naongeza tahadhari mbili.

Ya kwanza, lazima mlinganyo uutatue kwa ukamilifu, ukitupa majibu ya uongo na bila kupoteza ya kweli. Ukiiacha 1 humo haitakuumiza sana, utajaribu kipande cha ziada tu. Lakini ukipoteza jibu la kweli, kama kijana wetu wa Mokowe kwenye kugawanya, vipande vitaungana na namba yako moja ya majaribio itakudanganya.

Ya pili, kukiwa na x kwenye asili ya sehemu, ile "haikatiki" inaweza kuvunjika. Sehemu inapokatika nayo iwe mpaka wa kipande.

#18 Kidato3_Mokowe

Maalim na kipeuo cha tatu? Nacho kina majibu ya uongo?

#19 MaalimWaLangoni (Lamu)

Kwa kawaida hapana. Namba mbili tofauti haziwezi kuwa na mchemraba mmoja: 2³ ni 8, (−2)³ ni −8, alama haifutiki. Kwa hivyo ∛(2x − 1) = −3 unaandika 2x − 1 = −27, x = −13, umemaliza. Na kutolingana kwake hakuna masharti, unapandisha pande zote kwa tatu na mpangilio unabaki vile vile.

#20 MaalimWaLangoni (Lamu)

Nawaachia matatu ya kujipima. Mawili ya kwanza yasomeni kabla hamjashika kalamu.

(a) √(x + 5) = −2
(b) √(x − 4) + √(1 − x) = 3
(c) (x − 2)√(x + 1) ≥ 0

#21 BintiMalindi

(a) haina jibu. Kipeuo hakiwi hasi, sijakokotoa kitu.

(b) nayo haina. Kipeuo cha kwanza kinataka x ≥ 4, cha pili kinataka x ≤ 1. Hakuna namba ya kukidhi yote mawili.

(c) Kipeuo si hasi, kwa hivyo alama inaamuliwa na x − 2. Jibu x ≥ 2.

#22 Mwanachuo_Shela

Dada (a) na (b) safi kabisa. (c) angalia tena x = −1. Kipeuo kinakuwa sifuri, na sifuri mara −3 ni sifuri, na 0 ≥ 0 ni kweli. Kwa hivyo majibu ni x = −1, na pia x ≥ 2. Hiyo −1 imekaa peke yake mbali na wenzake.

#23 BintiMalindi

Lo, nimeiona. Ni kama nimegawanya kwa kipeuo bila kusema. Na kama alama ingekuwa > tupu?

#24 MaalimWaLangoni (Lamu)

Hapo sifuri haitakiwi tena. −1 inatoka, na 2 yenyewe inatoka. Kinabaki x > 2.